Siku Tulizosukuma Pangaboi kwa Fimbo

Mwezi uliopita nilikwenda Katesh kwa ajili ya pangaboi, feni ya kuning'inia darini. Nakwambia mapema usije ukadhani nilivutwa na hamu ya nyumbani, maana mimi si mtu wa hamu hizo. Nina fremu moja ya duka pale kando ya barabara kuu, niliachiwa na bibi yangu mzaa mama, na binti niliyempangisha anatoa fotokopi na kuuza madaftari. Alinipigia simu asubuhi, akaniamkia vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akasema pangaboi limegoma. Nikamuuliza limegoma vipi.

"Linanguruma tu mama, halizunguki."

Ningeweza kumwambia atafute fundi, yakaisha. Lakini shule tulikuwa tumefunga, mimi nafundisha fizikia Babati, na nilikuwa nimekaa nyumbani siku tatu nikisahihisha mitihani ya watoto ambao hawajui tofauti ya volti na ampea. Nikapanda basi. Nilipofika nikapanda juu ya stuli, nikaomba mpini wa dekio, nikawasha swichi, nikalisukuma panga moja taratibu. Likaanza. Lilizunguka kwa uvivu, kisha likashika kasi kama lilikuwa halijambo siku zote. Binti akapiga makofi, akaniita fundi. Nikamwambia hiyo ni kapasita tu, kidude kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanzia. Kikichoka, mota inanguruma bila kuondoka. Tulinunua mpya dukani kwa jirani, nikaifunga kabla soda yangu haijaisha gesi.

Baadaye nilibaki nimekaa pale nikitazama barabara, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya mpaka basi la jioni, nikaanza kukumbuka. Acha nikusimulie.

Fremu ile zamani ilikuwa hoteli. Nasema hoteli kwa maana yetu sisi: meza nne, mabenchi, kabati la wavu la kuwekea maandazi na sambusa, na nyuma yake jiko la kuni. Asili ya bibi ilikuwa Kondoa. Alikuja Katesh akiwa bi harusi, babu akiwa mfanyabiashara wa ngozi, na babu alipofariki aliacha nyumba na jina zuri, basi. Bibi akafungua hoteli. Mimi nililelewa naye tangu nikiwa mdogo sana, kwa sababu mama yangu aliolewa mbali, Tabora, na mume wake hakuoa mama mwenye mtoto. Alioa mama, mtoto akabaki. Hayo niliyaelewa nikiwa mkubwa. Wakati ule niliona tu kwamba wengine wana mama na mimi nina bibi, na sikuona kasoro.

Kazi zangu zilikuwa kuchota maji kabla ya shule, kuchambua mchele, kufuta meza, na kuamkia. Hii ya mwisho usiichukulie kirahisi. Siku ya mnada wazee waliingia kwa makundi, na kila mmoja alitaka shikamoo yake mwenyewe, si ya jumla. Nikimaliza benchi moja limeshaingia kundi lingine. Bibi alikuwa na msemo wake, "Chai inaweza kungoja, salamu haingoji," na kwa kweli chai iliwahi kupoa mikononi mwangu mara nyingi tu.

Siku hizo za mnada ndizo zilizotuweka mjini. Wafugaji waliteremka kutoka Dirma na Gehandu na ng'ombe zao, vumbi likatanda mpaka mlima ulio juu ya mji hauonekani, na kabla ya saa nne mji mzima ulinuka samadi na moshi wa nyama. Bibi alipika chai ya maziwa katika sufuria ambayo mimi ningeweza kuoga ndani yake, akatia tangawizi aliyoitwanga mwenyewe, na harufu yake ilifika mpaka stendi. Kulikuwa na supu ya mbuzi, chapati, makande kwa wasio na haraka. Mpaka leo nikinusa tangawizi iliyotwangwa nasikia kengele za ng'ombe. Mtu wa fizikia hapaswi kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Pangaboi lililetwa na mjomba. Alikuwa dereva wa lori, makazi yake Dodoma, na huko Dodoma joto si mchezo. Akafikiri kila mahali ni Dodoma. Watu walicheka sana, kwa sababu Katesh mwezi wa saba hata mbuzi anatamani sweta, na umeme wenyewe ulikuwa bado mgeni. Nani anayenunua baridi? Lakini bibi aliligundulia kazi. Nzi. Nzi walikuja mnadani na ng'ombe, wakauacha mnada wakaja kwetu, na wavu wa kabati haukuwazuia maana kabati hufunguliwa kila dakika. Pangaboi likizunguka, nzi hawatui mezani. Basi likawa linawashwa siku za mnada peke yake, na siku nyingine lilipumzika.

Sasa hapa inakuja aibu yangu. Unazijua nyumba zetu. Kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, viti vina vitambaa, kopo la sukari lina kitambaa. Pangaboi nalo bibi aliona halifai kubaki wazi likila vumbi na moshi. Mwaka ule nilikuwa nimejifunza kufuma kwa sindano, na kazi yangu ya kwanza iliyokamilika ilikuwa kofia ya uzi wa waridi na kijani, iliyokaa sawasawa juu ya kile kichwa cha katikati chenye mota. Bibi aliifunga kwa utepe. Aliwaonyesha wateja. Mimi nilivimba kichwa wiki nzima.

Mota ile ilikuwa na matundu ya kupumulia, na kofia yangu iliyaziba yote. Leo ningemwambia mwanafunzi achore mishale ya joto linavyopita. Wakati ule niliona waridi na kijani.

Lilianza kwa kuchelewa kuondoka. Kisha likatoa harufu ya nywele zilizoungua. Siku moja ya mnada, saa tano, hoteli imejaa, likasimama. Likawa linanguruma tu pale juu. Nzi walichukua muda mfupi sana kutambua, na ungeapa walikuwa wanangoja mlangoni. Bwana afya aliingia saa sita siku hiyohiyo. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye daftari jeusi, na bibi alimpenda kwa sababu hakuwahi kula bure. Alitazama sahani ya sambusa, akatazama juu, akaandika.

"Mama, mnada ujao nitapita tena. Nikiwakuta hawa wageni bado wapo, nitafunga. Si kwa ubaya."

"Najua baba," bibi akasema. "Ni kazi yako."

Ukisikia hivyo utafikiri ni jambo dogo. Lakini mjomba alikuwa ameshasema tangu mwaka wa nyuma kwamba bibi amechoka, aache moshi, ahamie Dodoma kwenye chumba cha uani. Bibi akamuuliza akae afanye nini. Mjomba akasema akae tu, apumzike. Bibi alikuwa na njia ya kurudia maneno ya mtu bila kuongeza kitu, na alirudia lile neno, "Nikae tu," mpaka mjomba akaliacha suala hilo. Habari za bwana afya zilimfikia mjomba kwa kondakta wa basi, na jibu likarudi kwa kondakta yuleyule: wakifunga, asibishane na mtu, atakuja na lori kuwachukua. Mimi ningepelekwa Tabora kwa mama na kwa yule mume niliyemwona mara mbili. Tulikuwa na wiki mbili.

Bibi alianza na matibabu aliyoyajua. Alizima swichi, akawasha, akazima. Akalaumu umeme, akanituma kwa jirani nikatazame kama taa zao zimefifia. Hazikufifia. Akazungusha kile kitufe cha kasi kuanzia moja mpaka tano na kurudi. Akanipandisha juu ya meza nikadondoshe mafuta ya cherehani kwenye mhimili, na yakadondoka mengine kwenye unga. Kila jaribio tulifanya kwa matumaini, tukikaza shingo kutazama dari, na kila mara lilinguruma na kukaa palepale. Nikiwa kule juu nilitaka kuifungua kofia nione ndani, bibi akanikataza, akasema nitaichafua.

Siku ya tano aliitwa fundi redio. Alikuja na testa mfukoni na heshima nyingi, akapanda, akafungua utepe, akaitoa kofia yangu. Sehemu ya ndani ilikuwa imeungua rangi ya kahawia, na ule uzi wa waridi ulikuwa umeshikamana kama sukari iliyoyeyuka.

"Nani alilivalisha kofia?" akauliza.

"Mimi," bibi akasema, kabla sijapumua.

Fundi hakusema neno baya. Alisema mota imeungua, inabidi iende Arusha ikasukwe waya upya, na hata ikienda leo haitarudi kabla ya mnada. Akanywa chai, akaenda. Bibi aliifua ile kofia, ikagoma kutoka doa, akaiweka juu ya kopo la sukari kana kwamba ilifumwa kwa ajili hiyo. Nilijua hoteli ikifungwa, niliyeifunga ni mimi. Kwa aibu sikula chakula cha jioni, na bibi hakuniuliza kwa nini sili. Sijui kama alikuwa ananionea huruma au alikuwa na mambo yake ya kufikiri. Niliogopa kuuliza, halafu nikakua, halafu nikawa nimechelewa.

Siku moja kabla ya mnada, alasiri, alikuja mzee wa Gehandu. Huyu alikuwa mteja wetu wa siku zote. Aliswaga ng'ombe wake polepole ili wasikonde njiani, kwa hiyo alifika mapema kuliko wengine, akawaacha kwa nduguye nje ya mji, akaja kunywa chai peke yake. Alivaa shuka na katambuga za tairi, alibeba fimbo ndefu nyembamba iliyong'aa kwa kushikwa, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi, hakikupoteza neno. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Bibi alikuwa amewasha swichi kwa mara ya mia. Mzee alisikiliza ule mngurumo kwa muda.

"Huyu analia nini?"

"Mota yake imekufa, mzee."

"Hapana mama. Akikufa halii. Huyu anataka kusimama, nguvu ya kusimama hana."

Kisha akaeleza, na nakumbuka kila neno kwa sababu alieleza kwa mikono. Wakati wa kiangazi kibaya ng'ombe hukonda, akilala chini hawezi kuinuka mwenyewe. Hajafa. Ukimwacha hapo, ndipo atakufa. Watu humshika mkia na mbavu, humwinua, humshikilia mpaka miguu ikumbuke. Akishasimama, anatembea mwenyewe mpaka majini. Akamaliza kusema hivyo, akasimama, akainua fimbo yake, akalisukuma panga.

Likaenda! Liliondoka taratibu, likashika kasi, na bibi akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo hata jirani alikuja kuona kuna nini. Furaha yetu ilidumu kama dakika moja. Mzee alikuwa amelisukuma kinyume, na mota isiyo na kapasita nzima haichagui. Huenda upande unaosukumiwa. Upepo ukawa unapanda juu badala ya kushuka, ukabandua masizi ya miaka yote kwenye dari, yakatunyeshea kwenye chai, kwenye chapati, kwenye shuka la mzee. Nzi, kwa upande wao, walikaa mezani kwa raha. Bibi akazima. Tukangoja lisimame, mzee akasukuma upande wa pili, na safari hii upepo ukateremka, nzi wakaondoka. Mzee alikung'uta masizi kwenye bega, akamaliza chai yake na masizi yake.

"Kesho nitakuja mapema," akasema.

Usiku ule tulifuta dari. Asubuhi mzee alikuja kama alivyoahidi, akakaa benchi lililo chini kabisa ya pangaboi, akalisukuma, likazunguka. Hakuondoka. Ng'ombe wake waliuzwa na nduguye siku hiyo. Sikufikiria jambo hilo hata kidogo, na sasa ninapolifikiria naona alitupa siku nzima ya mnada, mtu aliyetembea kutoka Gehandu kwa ajili ya mnada huo.

Bwana afya aliingia saa sita. Akaamkia wazee, akakaa, akaagiza chai na chapati mbili. Daftari jeusi aliliweka mezani. Na umeme ukakatika.

Nilikuwa nimeshika birika. Nakumbuka mapanga yakipunguza mwendo, moja, moja, mpaka ukaweza kuyahesabu. Nzi wa kwanza alitua ukingoni mwa sahani ya bwana afya. Akatua wa pili. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitambaa begani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona sura yake bila kitu chochote juu yake, si ukali wala utani, na nikaelewa kwamba alikuwa anaogopa. Nilitamani kupiga kelele kwamba kofia niliifuma mimi. Sijui ingesaidia nini.

Umeme ulirudi. Pangaboi likanguruma, likabaki palepale. Mzee wa Gehandu akasimama bila haraka, akainua fimbo juu ya kichwa cha bwana afya, akasukuma, akakaa. Likazunguka upande unaotakiwa.

Bwana afya alitazama juu. Akatazama fimbo. Akamtazama bibi.

"Mama, hii feni yenu inawashwa na mzee?"

"Ndiyo baba. Swichi ni ya kuanzia tu, anayemalizia ni yeye."

Kuna mtu alicheka kwenye benchi la nyuma, kisha wengine wakafuata. Bwana afya hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, akaangalia sahani yake, akaangalia sambusa kwenye kabati, akafungua daftari.

"Mimi nilitumwa kuangalia nzi," akasema, akiandika. "Habari za feni sikutumwa."

Akamaliza chapati zake, akalipa, akaaga. Bibi alirudi jikoni, akakaa juu ya kigoda. Kisha akaniita kwa ukali na kuniuliza kwa nini meza ya tatu haijafutwa.

Tulisukuma kwa fimbo minada kadhaa baada ya hapo. Mzee asipokuwepo, mteja mwingine alisukuma, na ikawa wazee wanagombania lile benchi la katikati. Mjomba alipokuja hatimaye, alikuja bila maneno ya kuhama. Alikuja na fundi kutoka Singida, na fundi huyo alitazama dakika mbili akasema mota ni nzima, kapasita ndiyo imevimba kwa joto. Akabadilisha. Mnada uliofuata mzee wa Gehandu aliingia, akaona pangaboi linaondoka lenyewe, akasema, "Amepona," akakaa benchi la pembeni akanywa chai. Niliona bibi akimwongezea maziwa bila kuulizwa.

Bibi aliiendesha hoteli ile miaka mingi zaidi ya aliyotarajia mtu yeyote. Nilisomea pale, nikaenda sekondari, nikaenda chuo, na kila likizo nilirudi nikavaa aproni. Wateja walibadilika. Watoto wa wale wazee walikuja kwa pikipiki, wakawa na haraka, wakanywa soda badala ya chai. Mzee wa Gehandu aliacha kuja mwaka mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyejua kwake hasa ni wapi, tulisubiri minada minne ndipo bibi akaacha kumwekea kikombe pembeni. Alikirudisha tu kabatini.

Na bibi akazeeka. Macho yalianza, halafu magoti, halafu akawa anasahau sufuria motoni. Jirani alinipigia simu mara mbili kwamba ameona moshi. Mara ya tatu alikuwa ameungua mkono. Mjomba wakati huo alikuwa ameshatangulia, Mungu amrehemu, kwa hiyo hakukuwa na lori la kusubiri. Aliyekuja kumchukua nilikuwa mimi. Nilikuja na gari la kukodi kutoka Babati, siku isiyo ya mnada kwa makusudi, nikamfungia nguo zake, nikawaambia majirani ni kwa muda. Nilimwambia nina chumba kizuri, chenye dirisha, na kwamba hatafanya kazi yoyote. Atakaa tu. Nililitamka neno hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, na yeye safari hii hakulirudia. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda nilivyomwelekeza, akatazama mlango wa hoteli nilioufunga kwa kufuli.

"Na watu wa mnada watakula wapi?"

"Watapata pengine, bibi."

Walipata. Haikuwachukua hata mnada mmoja.